Mkungu wa Mjomba

Masika yalipokatika na ndizi za bondeni kukomaa, Winfrida alichagua mkungu mmoja, ule mnene kuliko yote, akaukata mwenyewe na kuupeleka kwa mjomba wake Athanas. Alifanya hivyo kila mwaka. Juu ya mkungu aliongeza kuku, na kama karafuu zilikuwa zimekauka vizuri aliongeza kikombe kimoja cha kutia kwenye chai. Hakuna aliyemwagiza. Marehemu mama yake alikuwa akimpelekea kaka yake vitu hivyo hivyo, na Winfrida aliporithi shamba alirithi na desturi, kama mtu anavyorithi jembe na kinu.

Shamba lilikuwa mlimani, juu ya Matombo, vipande viwili. Cha juu kilikuwa kikavu, chenye mihogo na nyumba yake. Cha chini kilifuata kijito, na humo ndimo ilimokuwa migomba, midalasini, na mikarafuu aliyoipanda yeye mwenyewe wakati binti yake Anastasia akingali anabebwa mgongoni. Sasa Anastasia alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kihonda, fundi seremala anayeitwa Shukuru, na kijana huyo alikuwa amekubali kuhamia mlimani. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi hupita kwa mama, na mwanamume ndiye anayefunga mizigo yake na kwenda kwa mke. Winfrida alikuwa ameshawaonyesha mahali pa kujenga, kwenye ukingo wa bonde, pale udongo usipotuamisha maji.

Mwaka huo alipopeleka mkungu alifuatana na Sista Judith, muuguzi wa zahanati ya misheni, aliyekuwa anakwenda kumfunga mzee Athanas kidonda cha mguu. Sista Judith alikuwa mtu wa Burma. Watoto walimwita Sista Mchina, naye alishachoka kuwasahihisha. Lakini kwa mzee Athanas alikuwa mgeni wa heshima, maana baba wa mzee huyo alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma wakati wa vita na Wajapani, akarudi na sikio moja lisilosikia na hadithi za kutosha kumaliza kila jioni ya maisha yake.

"Shikamoo mjomba," Winfrida alisema, akapiga goti na kuutua mkungu.

"Marahaba, mama yangu. Aa! Ngoto yangu imefika!"

Watu wote barazani walicheka. Ngoto ni kile kidogo anachotoa mtu wa ukoo mwingine aliyeazimwa ardhi, mwaka kwa mwaka, ili isisahaulike kwamba anapolima si pake. Kumwambia binti wa ukoo kwamba ameleta ngoto ni kama kumwambia mke wako kwamba amekaribishwa chai.

"Imefika, mwenye nchi," Winfrida alijibu, naye akicheka. "Itazame vizuri, usije ukanifukuza."

Sista Judith alichuchumaa akaanza kufungua bendeji. Mzee alinyoosha mguu na papo hapo akaanza habari za Burma.

"Baba yangu alituambia, Sista, kule kwenu wanawake ndio wenye soko. Mwanamke amekaa juu ya jamvi, anavuta sigara nene kama mchi, na mumewe amesimama nyuma anangoja kuambiwa bei. Baba akasema, hawa ni Waluguru waliopotea njia."

"Alisema kweli, babu," Sista alisema. "Mama yangu alipoolewa hakubadili jina lake. Fedha za nyumba alishika yeye. Babu yangu alipofariki walirithi sawasawa, wa kike na wa kiume."

"Umesikia, Fransisko?" mzee alimgeukia mwanawe aliyekaa kwenye kizingiti. "Si ndiyo kama hapa? Hapa kwetu mwanamke ndiye mwenye nyumba. Sisi wanaume ni wapita njia tu."

"Lakini kuna mahali sisi wanawake hatupandi," Sista aliendelea, macho yake kwenye kidonda. "Bibi yangu alikuwa wa dini ya Buddha. Kuna sanamu moja kubwa inayoheshimiwa sana, watu huibandika majani membamba ya dhahabu. Bibi aliuza mboga mwaka mzima, akanunua jani lake. Tulipofika, wanawake wakaambiwa wabaki nje ya uzio. Bibi akampa mdogo wangu lile jani, mtoto wa miaka saba, amebanwa na mkojo, akapanda yeye akabandika. Sisi tulitazama kutoka nyuma."

"Sasa si jambo dogo hilo?" Fransisko aliuliza. "Dhahabu si ilifika?"

"Bibi naye alikuwa akisema hivyo hivyo."

"Na nyinyi kanisani kwenu," Winfrida alimchokoza, "misa anaongoza nani, Sista?"

"Wewe Winfrida, niache nifunge kidonda." Na Sista akacheka mpaka akaangusha pamba.

Ilikuwa siku nzuri. Winfrida alirudi nyumbani na kapu tupu, mikono ikiwa myepesi.

Haukupita mwezi akakuta vijiti vimechomekwa bondeni, mstari mmoja umenyooka kutoka kijitoni mpaka chini ya mikarafuu. Fransisko alikuwa ameinama na kamba mkononi.

"Unapima nini, mdogo wangu?"

"Shikamoo dada." Alisimama wima na kujifuta mikono kwenye suruali. "Baba hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

"Amenipa huku chini. Nataka kupanda vanila. Migomba yako usiwe na wasiwasi, nitakuachia mpaka uvune iliyobeba." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupisha kwenye njia nyembamba.

Fransisko hakuwa mtu mbaya. Mama yake Fransisko alikuwa Mchaga, aliyekutana na Athanas kwenye mashamba ya miwa upande wa Turiani. Kwa watu wa mama yake ardhi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo wajomba wa kule walimwambia aende kwa baba yake. Kwa watu wa baba yake ardhi hupita kwa wanawake, kwa hiyo huku aliambiwa aende kwa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na hakuwa na mahali pa kuchimba hata choo. Na mzee Athanas, aliyekuwa mkuu wa ukoo na kwa muda mrefu amewagawia watu wengine mashamba, alijua kwamba siku akifa kila kitu chake, hata jina lake la ukuu, kitachukuliwa na mtoto wa dada yake, na huyu aliyemzaa ataondoka na fimbo na redio. Baba yeyote angekosa usingizi. Lakini usingizi wake aliupatia bondeni kwa Winfrida.

Winfrida alikwenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, Modesta, dada pekee wa Athanas aliyebaki hai. Alimkuta anapepeta mchele.

"Kakako amegawa bonde."

"Nimesikia." Modesta hakuacha kupepeta. "Bonde ni la mama yako, na kabla yake la mama yetu. Siku mama alipomwonyesha mama yako mipaka, mimi ndiye niliyeshika panga na kukata alama. Waite wazee. Nitasema."

"Utasema mbele yao?"

"Mtoto huyu! Mimi naogopa midevu?"

Winfrida alipumua. Mwana mkubwa wa Modesta ndiye aliyetazamiwa kurithi jina la Athanas, na Winfrida aliona kwamba mama wa mkuu wa kesho hawezi kuruhusu ardhi ya ukoo itoke nje ya ukoo. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Ilikosa kitu kimoja tu alichokuja kukijua baadaye.

Kikao kiliitishwa uani kwa Athanas. Kwa kuwa Winfrida ndiye aliyekiomba, ndiye aliyepaswa kukilisha. Alifika alfajiri na mchele wake, nazi zake na kuku wake, akapika pamoja na wanawake wengine. Wazee walikaa kwenye viti kivulini. Wanawake walitandika mkeka karibu na jiko, nyuma, mahali ambapo moshi uliwapata wao kwanza.

Mzee Kobelo wa ukoo jirani, aliyealikwa asimamie, alikohoa. "Haya. Binti ana shauri. Nani anamsemea?"

Watu walitazamana.

"Kwa desturi binti anasemewa na mjomba wake," mzee mmoja alisema.

"Mjomba wake ndiye anayeshitakiwa."

Mtu fulani alichekea puani. Mzee Kobelo alifikiri, akakuna shavu. "Basi aseme mwenyewe. Kwa leo tu, isiwe mazoea."

Winfrida alisimama. Alikuwa amejitayarisha kwa siku nyingi, akijisemea huku akipalilia. Alieleza bonde lilivyotoka kwa bibi yake kwenda kwa mama yake, na kutoka kwa mama yake kuja kwake, na kwamba Anastasia yupo na atazaa. Kisha akasema lile aliloliona ndiyo nguzo yake.

"Wazee wangu, mtu aliyeazimwa ardhi hapandi mti wa kudumu. Hupewa pa kulima mahindi na maharage, akavuna, akaondoka. Hilo mnalijua kuliko mimi. Mimi nimepanda mikarafuu. Mjomba ameiona ikiwa miche, ameiona imekua, na chai yake ina karafuu zangu mpaka leo. Kama nilikuwa mpangaji, mbona hakuning'olea miche?"

Wazee waliitikia kwa vichwa. "Hilo ni neno zito," Mzee Kobelo alisema. "Athanas?"

Athanas alisema taratibu, bila hasira. "Sikatai. Nilimwona ana mtoto mgongoni na mume amemkimbia, nikaona huruma, nikamwachia apande. Huruma si kosa. Lakini ardhi ya ukoo iko chini ya mkono wangu, na yeye mwenyewe analijua. Kila mwaka ananiletea ngoto."

"Ile si ngoto!" Winfrida alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Ile ni heshima, mjomba. Unajua ni heshima!"

"Nilitamka mbele ya watu, mama yangu. Nilisema ngoto yangu imefika. Ulinijibu nini?"

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka.

"Ulinijibu nini?"

"Nilikuwa natania. Nawe ulikuwa unatania."

"Ulisema imefika. Ukaniita mwenye nchi. Ukaomba nisikufukuze."

Siku ile alipolitamka neno hilo, mzee alikuwa anatania kweli au alikuwa ameshaanza kupima? Hilo hakuna ajuaye. Huenda alitania, na baadaye, usiku akimfikiria mwanawe, utani ukamrudia ukiwa umevaa nguo nyingine. Fransisko alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Sista Judith alikuwepo," Winfrida alisema. "Aitwe aulizwe kama tulikuwa tunacheka."

"Sista ni mgeni, tena mwanamke," mzee mmoja alijibu. "Leo tumwite Sista, kesho tumwite nani, mtalii?"

Wakacheka. Mzee Kobelo aliinua mkono. "Yupo mwenyewe wa kuulizwa. Modesta, wewe ndiye mkubwa upande wa wanawake. Umemwona dada yako akileta, umemwona huyu akileta. Ile mikungu ni nini?"

Modesta hakusimama. Alikuwa ameshika mwiko, akaugeuza geuza kama anatafuta ulipochanika.

"Mama yake naye alikuwa akileta," alisema. "Tangu zamani. Na mwenye kuleta anamletea mwenye nacho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni ngoto."

Winfrida alimtazama, akingoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Kabla ya hasira alihisi kitu kingine: kwa neno hilo moja, mama yake, kaburini alikolala, naye alihamishwa akawa mpangaji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Bonde lilipewa Fransisko. Winfrida alibakishiwa kipande cha juu, na mikarafuu aendelee kuichuma maadamu ataleta ngoto bila kukosa. Mzee Kobelo alisema kwamba hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, na huenda aliamini hivyo.

Ilibaki shukrani. Aliyeamuliwa shauri hupiga magoti, hupiga makofi, husema, "Nimesikia, nimeshukuru," na hapo kikao huvunjwa. Wazee walimgeukia Winfrida. Winfrida alisimama vile vile alivyokuwa amesimama. Hakutukana, hakulia. Alifunga mdomo tu, na hakuna aliyewahi kuona kikao kikingoja namna ile. Inzi walipata nafasi. Mzee mmoja aliangalia saa kwenye simu.

Ndipo Modesta alipoweka mwiko chini, akajikokota mpaka katikati ya ua, akapiga magoti na kupiga makofi.

"Amesikia," alisema. "Ameshukuru."

"Haya!" wazee walipokea wote kwa pamoja, wakapiga makofi, na shauri likaisha.

Chakula kililetwa. Mzee Kobelo alichota wali, akatafuna, akafumba macho. "Ee bwana, wali wa nazi huu! Mikono ya nani?"

"Ya Winfrida," aliambiwa.

"Mwanamke huyu anajua nyumba," alisema, na akaongeza mchuzi.

Njiani kurudi Modesta alitembea nyuma yake, akihema, mpaka walipofika kwenye jiwe la kupumzikia. "Mwanangu, simama. Unanikimbiza mimi mzee?"

Winfrida alisimama bila kugeuka.

"Alinijia wiki iliyopita," Modesta alisema. "Akaniambia jina lake si lazima aliache kwa mwanangu. Yupo mtoto wa marehemu Sesilia, dada yetu mwingine, kule Kinole, naye ni mpwa vile vile. Akasema, dada, chagua utasema nini. Sasa ningefanyaje? Nimemlea mwanangu kwa ajili ya kiti kile tangu ananyonya. Ungekuwa na wa kiume ungenielewa."

"Na akishakikalia hicho kiti, mama mdogo, wewe utakaa wapi?"

Modesta alifikiri kwa uaminifu. "Hapo hapo nilipokuwa leo. Jikoni. Lakini nitakuwa mama yake."

Winfrida alimshika mkono akamvusha kwenye kijito, kwa sababu mawe yalikuwa na utelezi na miguu ya mama mdogo haikuwa na nguvu tena. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Sista Judith alipopata habari alipanda mlima siku hiyo hiyo, vumbi mpaka magotini. Alisema lipo baraza la kata, ipo sheria, na sheria ya nchi haimtambui mjomba. Alisema atakwenda naye mpaka Morogoro mjini ikibidi. Winfrida alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maji.

"Kule wataniuliza shahidi, Sista. Shahidi wangu ameshasema. Tena sawa, tuseme nimeshinda. Nimemfunga mdomo mjomba, nimemwaibisha mama mdogo, ukoo umenitenga. Siku nikifa nani atanizika? Kaburi langu linachimbwa na hao hao."

"Zamani nilidhani ni kwetu tu," Sista alisema. "Kila mtu anakuambia wewe ndiye mwenye nyumba, mpaka siku unapotaka kufunga mlango."

"Kunywa maji, Sista," Winfrida alisema.

Jumapili, baada ya misa, Anastasia alikuja na Shukuru. Kijana alikuwa amebeba futi kamba na mfuko wa simenti wa kuanzia, ameubeba kutoka barabarani kwa sababu pikipiki ilikataa mlima. Waliutua mlangoni. Anastasia alikuwa anacheka kwa jinsi mchumba wake alivyogeuka mweupe kwa vumbi la simenti.

"Shikamoo mama. Tumekuja kupima ile nyumba. Tunaanzia kule ukingoni, si ndiyo?"

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa. Winfrida aliwaeleza kikao kilivyokwenda, bila kumpamba wala kumchafua mtu; hata habari za Fransisko na choo alizieleza. Alipomaliza, Shukuru alikuwa wa kwanza kusema.

"Mama, hata hapa juu panatosha. Mimi nilishaahidi kuhama, wazazi wangu nilishawaambia. Ukavu si kitu, tutachota maji."

Alikuwa kijana mwema. Winfrida alitazama kipande cha juu, mihogo yake myembamba na mawe yake, na akaona kitakavyokuwa: Anastasia anapanda, anapalilia, anapika kwenye vikao, kisha siku moja mpwa fulani, mwenye jina la ukuu, anamwita mpangaji, na Anastasia anatafuta kosa lake liko wapi na kugundua kwamba kosa lake ni adabu. Na binti wa Anastasia nyuma yake, anashika mwiko.

"Hapana," alisema. "Beba simenti yako, mwanangu. Na wewe, Anastasia, mfuate mumeo."

Binti alidhani hakusikia. Katika ukoo ule hakuna mama aliyewahi kumwambia binti yake maneno hayo; wanaume ndio walioambiwa wawafuate wake zao.

"Nimfuate wapi?"

"Kihonda. Kwao. Akupe hata chumba kimoja cha kupanga, ujue tangu siku ya kwanza kwamba umepanga."

"Mama, unanifukuza?"

"Ndiyo."

Anastasia alianza kulia, na Shukuru alitazama pembeni. Kisha binti alifuta uso kwa kanga. Alipouliza, aliuliza kwa ukali, kama anayetaka mama yake aone aibu.

"Na nikizaa wa kike? Akiniuliza kwetu ni wapi, nimwambie nini?"

Winfrida alikuwa na jibu la swali hilo tangu utotoni. Alifundishwa na mama yake: jina la ukoo, jina la bibi, na jina la bibi wa bibi, mpaka kwa yule wa kwanza aliyepanda mlima huu akiwa na moto kwenye chungu. Alifungua mdomo alitaje la kwanza, akalirudisha.

"Mwambie akamuulize baba yake," alisema, akaingia ndani kuwatafutia cha kula kabla hawajashuka.